Namna ya Kutenganisha Ubaguzi wa Dini na Ubaguzi wa Kabila Malindi na Lamu

Mtu anapokujia akilalamika kwamba ametengwa kwa sababu ya dini yake, usikimbilie kuandika neno "dini". Muulize kwanza ni nani mwingine wa dini hiyohiyo aliyefika mahali palepale, na alipokewa vipi. Hapa kwetu Mbajuni, mtu wa visiwa vya Lamu, hudhaniwa Mwislamu kabla hajafungua kinywa, mtu wa bara hudhaniwa Mkristo, na Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda, huwekwa popote msemaji anapotaka.

Kisha badilisha jambo moja na uliache lingine lilivyo. Mchukue Mgiriama aliyesilimu, yule anayeitwa mahaji: huswali safu moja na jirani yake Mswahili, lakini siku ya posa huulizwa ukoo, na jina la Kigiriama kama Katana lililo kwenye kitambulisho huwa ndilo jibu. Dini ni ileile. Kinachowatenga wawili hao ni kabila. Wapemba wa Kilifi na Kwale wanalionyesha hilo waziwazi zaidi, kwani walikuwa Waislamu kati ya Waislamu na wavuvi kati ya wavuvi, ila waliishi bila uraia hadi serikali ilipowatambua kuwa kabila la Kenya mwaka 2023.

Lamu kipimo hicho hukwama. Wakristo wengi wa Mpeketoni ni Wakikuyu waliopata mashamba katika mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, ulioanza miaka ya 1970, hivyo dini, kabila na ardhi vimefungwa mzigo mmoja. Watu zaidi ya 60 walipouawa huko na katika vijiji vya karibu Juni 2014, Al-Shabaab walidai ni kazi yao, naye Rais Uhuru Kenyatta akalaumu siasa za kikabila za wenyeji. Ukishughulikia kesi ya huko, ulizia hatimiliki ya shamba mapema (mimi huiuliza hata kabla ya dini).

Katika kuandika, tumia kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010, kinachokataza ubaguzi wa dini na wa kabila kwa pamoja, na uongeze cha 32 pale ambapo ibada yenyewe imezuiwa, au mtu amenyimwa kazi, huduma au haki kwa sababu ya dini yake. Kabla ya sahihi, msomee mlalamishi kila mstari. Nilipofika kwenye maneno "kwa kuwa ni Mwislamu", mama mmoja aliyevaa buibui alinisimamisha: "La, mwanangu. Andika Mgiriama."