Jinsi ya kupima kama sekondari ya serikali inatumia hela vizuri

Watu wengi wakitaka kujua shule ya kata inagharimu kiasi gani wanachukua hela iliyoingia akaunti ya shule, wanagawa kwa idadi ya wanafunzi, wamemaliza. Hapo bado hujapima kitu, maana mzigo mkubwa kuliko yote ni mishahara ya walimu na ile inalipwa na serikali moja kwa moja, kwenye leja ya shule huioni kabisa. Anza na hiyo. Huna haja ya kuomba salary slip ya mtu, chukua orodha ya walimu na ngazi zao za TGTS (ngazi za mishahara ya walimu wa serikali), piga mshahara ghafi (sio take home!) na mchango wa mwajiri PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma.

Afu weka ruzuku ya serikali na fidia ya ada, ile inayoletwa badala ya ada tangu elimu bila malipo ianze 2016. Afu za wazazi: mlinzi, mwalimu wa kujitolea wa fizikia, na mahindi na maharage ya chakula cha mchana, ambayo unayageuza kuwa hela kwa bei ya sokoni. Hii ya wazazi naisisitiza sana kwa sababu ndo inarukwa kila siku, na ni jasho la watu.

Sasa kugawa. Usigawe kwa waliosajiliwa peke yake, fuata kundi moja toka form one mpaka form four. Tuseme walianza 120, gharama yao yote ya miaka minne ni milioni 216, yaani milioni 1.8 kwa kichwa. Waliofika mtihani ni 90, hapo imeshakuwa milioni 2.4. Waliopata divisheni one mpaka four ni 72, basi kila mmoja amegharimu milioni 3. Shule ni ileile na hela ni ileile, ila hao 48 walioacha njiani au kupata ziro ndo wamepandisha bei, na kwenye hesabu ya kwanza hawaonekani kabisa.

Kingine, gharama ndogo isikufurahishe haraka. Shule isiyo na mwalimu wa hesabu lazima itaonekana rahisi, kwa hiyo fungua ratiba uangalie vipindi, nani ana 30 kwa wiki na nani ana 8, na somo gani halina mtu.

Ukilinganisha, kutwa na kutwa, bweni na bweni, na uangalie watoto waliingia na alama gani za darasa la saba. Matokeo ya kila shule NECTA (baraza la mitihani) wanayaweka mtandaoni, taarifa za walioacha ziko kwenye rejista ya mahudhurio, muombe mkuu wa shule muikague pamoja kabla ya kikao cha bodi.