Jinsi ya kutafsiri "leaven": kati ya kuchacha na kuumuka

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya ukalimani na tafsiri, nilipewa makala ya Kiingereza iliyosema kwamba mzungumzaji fulani "leavened his speech with humour". Nikafungua kamusi, nikakuta "chachu", nikaandika: "aliichachua hotuba yake kwa vichekesho". Mhariri aliniuliza swali moja tu: kwani hotuba iliharibika?

Sikuwa na jibu. Kamusi haikunidanganya, lakini haikuniambia kwamba neno hili la waoka mikate limebeba mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenganisha. Utaratibu ninaoueleza hapa nimeutumia tangu wakati ule, na bado naufuata kila ninapolikuta.

Hatua ya 1: Anza na unga

Usicheke ushauri huu, naumaanisha. Kama hujawahi kukanda unga wa mkate, ukande mara moja. Unga wa ngano, maji ya uvuguvugu, hamira kidogo, chumvi. Funika kwa kitambaa, uache saa moja au zaidi kidogo mahali penye joto.

Ukifunua utakuta donge limekua karibu mara mbili, juu limetanda kama ngozi laini, vipovu vikionekana kwa chini. Libonyeze kwa kidole: kishimo kinarudi polepole, wala hakijai chote. Livute upande mmoja lipasuke, uone nyuzinyuzi na matundu, na harufu yenye ukali kidogo ikupande puani.

Hapo umeona mambo mawili kwa pamoja. Donge limeumuka, na limeanza kuchacha. Hamira ni viumbe hai wadogo sana, jina lao la kisayansi Saccharomyces cerevisiae. Hula sukari iliyomo kwenye unga, wakatoa gesi ya kaboni dioksidi na kileo kidogo. Gesi hunaswa na utando wa gluteni, yaani protini inayonata ya ngano, ndipo donge likavimba. Katika chachu ya asili, yaani unga na maji vilivyoachwa siku kadhaa vikachacha vyenyewe, wamo pia bakteria wanaotengeneza asidi, na ndiyo maana mkate wake huwa na uchachu ulimini.

Angalia pia kitu cha tatu, ambacho ni rahisi kukisahau: hamira yenyewe huioni tena. Imeingia ndani, imeenea kote, huwezi kuitoa.

Hatua ya 2: Jua kila lugha imeshika upande gani

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo twende taratibu.

"Leaven" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, levain, na nyuma yake kipo kitenzi cha Kilatini levare, maana yake kuinua au kufanya kitu kiwe chepesi. Ni ukoo mmoja na "elevate" (kuinua) na "levity" (wepesi, mzaha). Kwa hiyo Kiingereza, kilipolitazama lile donge, kilishika kule kuinuka. Wepesi umo ndani ya mzizi wa neno.

Kiswahili kilishika upande wa pili. Chachu ni jamaa wa kuchacha na uchachu: ladha, ukali, kugeuka. Hata hamira, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, inatokana na mzizi wa kuchacha, ule ule uliozaa neno la Kiarabu la mvinyo. Kule kuinuka tukakupa kitenzi chake cha peke yake: unga huumuka, na anayeufanya uumuke anauumua.

Ndiyo sababu msomaji wa Kiswahili akisikia kitu "kimechachuliwa", mawazo yake huenda kwenye chakula kilicholala. Chakula kikichacha kinamwagwa. Na mitaani mtu akisema "nimechacha", hana senti mfukoni. Ilhali Waingereza na Wamarekani neno lao la unga uliokandwa, "dough", wamelifanya jina la mitaani la fedha. Maneno ya jikoni moja, yameelekea pande mbili kabisa.

Hatua ya 3: Kama maandishi ni ya jikoni, uliza ni kitu gani hasa

Hii ni hatua fupi, ila watu huikosea mara nyingi. Katika mapishi ya Kiingereza, "leavening" ni chochote kinachoinua unga: hamira, chachu ya asili, magadi, beking pauda, hata hewa ya mayai yaliyopigwa. Ukiandika "hamira" kila mahali, utamharibia mtu keki. Beking pauda haina kiumbe hai ndani yake. Mwingereza Alfred Bird alitengeneza ya kwake mwaka 1843 kwa sababu mkewe hakuweza kutumia hamira. Kwa hiyo soma orodha ya mahitaji, kitaje kitu chenyewe kwa jina. Kama mwandishi anazungumzia vyote kwa jumla, sema "vitu vya kuumulia unga" na inatosha. "Unleavened" haina shida: mkate usiotiwa chachu.

Hatua ya 4: Kama ni fumbo, tafuta chachu inafanya kazi gani

Acha nomino, fuata kitendo. Matumizi ya fumbo ya "leaven" nimeyakuta yakienda njia tatu.

Ya kwanza ni kitu kidogo kinachoenea kimyakimya hadi kikageuza kizima. Mzizi wake ni mfano wa Injili ya Mathayo, sura ya 13, wa mwanamke aliyeficha chachu katika pishi tatu za unga. Pishi tatu za kipimo kile ni zaidi ya lita 30, unga wa kulisha umati, na chachu ikaufikia wote. Hapa "chachu" ya Kiswahili inakaa sawasawa: watu wachache wanaweza kuwa chachu ya mabadiliko katika jamii nzima.

Lakini ninaomba jambo moja. Tumeizoea mno "chachu ya maendeleo" hata tunaiweka kwenye kila kitu. Jambo kubwa linalokuja kwa kishindo halina uchachu wowote wa fumbo. Huo ni msukumo. Na kama kitu kinaharakisha mambo huku chenyewe kikibaki kama kilivyokuwa, neno lake ni kichocheo, kama katika kemia. Chachu ni ndogo, inajificha, inahitaji muda, na mwishoni imekuwa sehemu ya donge. Ukilinda tofauti hiyo, neno linabaki na nguvu.

Njia ya pili ni uovu unaoenea. Barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 5, inaonya kwamba chachu kidogo huchachua donge zima, na Injili zinataja chachu ya Mafarisayo. Msomaji aliyelelewa na Biblia ataelewa papo hapo. Kwa wengine naongeza neno la kuelekeza: "chachu mbaya", au naacha picha ya unga na kusema "sumu iliyoenea kidogokidogo". Usiache "chachu" peke yake, kwani magazeti yamemzoesha msomaji kuisikia kama sifa.

Njia ya tatu ndiyo iliyoniangusha: kupunguza uzito. Hapa Kiingereza kinarudi kwenye mzizi wake wa wepesi, na chachu yetu haiwezi kukifuata. Tazama ile sentensi nilivyoirekebisha.

Kwanza nilijaribu "aliikoleza hotuba yake kwa vichekesho". Inapendeza, lakini kukoleza ni kuongeza makali au ladha, na hotuba ile haikuwa chapwa, ilikuwa nzito. Nikajaribu "aliipunguzia hotuba yake uzito kwa vichekesho". Maana imefika, ila imekuwa kavu, na tena uzito wa hotuba unaweza kusomwa kama umuhimu wake. Nikaishia hapa: "aliichangamsha hotuba yake kwa vichekesho vya hapa na pale". Kuchangamsha kumebeba wepesi. "Vya hapa na pale" vimebeba jambo ambalo rasimu zote mbili zililipoteza, kwamba kiasi kilikuwa kidogo na kilienea kote. Chachu haimo katika sentensi, kazi yake imo.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti, kisha uliza kama kitu kimeharibika

Msomee tafsiri yako mtu ambaye hajaiona matini ya Kiingereza. Muulize: kilichoelezwa hapa kimekuwa bora, kimekuwa kibaya, au kimekuwa chepesi? Jibu lake likipingana na matini ya asili, rudi hatua ya 4. Mimi hufanya hivi hata leo kwa neno hili.

Limebaki umbo moja linalohitaji uangalifu wa pekee: "the old leaven". Linatoka katika sura ile ile ya Wakorintho, na waandishi wa Kiingereza hulitumia hata nje ya dini kwa mabaki ya tabia za zamani ndani ya mtu aliyebadilika. Katika mahubiri andika "chachu ya kale" bila wasiwasi. Katika makala ya siasa au historia, "masalia ya mazoea ya zamani" yatamfikisha msomaji. Na ukiona mwandishi ameijenga aya nzima juu ya picha ya unga, ibakize chachu, kisha mwonyeshe msomaji donge likiumuka.