Sauti au Wi-Fi imekufa baada ya kusasisha kerneli (kiini cha Linux)? Washa kwanza ile ya zamani

Usikimbilie kufuta Linux na kuisimika upya, wala usifungue laptopu kwa bisibisi. Mifumo mingi, Ubuntu na Debian ikiwemo, huiacha kerneli ya awali kwenye diski. Unapowasha mashine, bonyeza Esc (kwenye BIOS za zamani shikilia Shift) hadi menyu ya GRUB, programu inayowasha mfumo, itokee, ingia kwenye Advanced options, kisha chagua kerneli yenye namba ndogo zaidi.

Kifaa kikifanya kazi humo, basi ni kizima, na kosa liko kwenye kerneli mpya au draiva yake (programu inayoendesha kifaa). Kikigoma kote kuwili, hapo ndipo ushuku waya, swichi au kifaa chenyewe.

Ukiwa bado kwenye kerneli ya zamani, fungua terminali (dirisha la amri), andika `journalctl -k -b -1`. Utasoma ujumbe wa kerneli iliyokusumbua muda mfupi uliopita. Tafuta neno firmware au failed. Halafu andika `dkms status`; DKMS ni zana inayojenga draiva upya kerneli inapobadilika. Hapa ndipo penye kisa mara nyingi: draiva za nje, kama za NVIDIA na baadhi ya kadi za Wi-Fi, lazima zijengwe upya kwa kila kerneli, na bila kifurushi cha linux-headers cha toleo hilohilo hazijengeki. Kisimike, wacha DKMS ijenge, washa upya.

Na tafadhali, usiifute kerneli ya zamani kabla hujajaribu hata kulaza mashine na kuiamsha kwenye ile mpya. Hitilafu nyingi hujificha hapo.