Kukarabati jengo kongwe la wakfu ili litumike tena

Kabla fundi hajaegemeza ngazi, soma hati ya wakfu au ya amana. Zahanati, nyumba za wazee na mabweni ya yatima yaliyojengwa kwa sadaka mara nyingi yana masharti ya mtoaji, na ukiyageuza ofisi bila idhini kazi husimamishwa katikati. Jengo likiwa kwenye orodha ya mambo ya kale, kibali kinatangulia.

Anza juu: paa, kisha mifereji ya maji ya mvua, kisha udongo uliorundikana nje ukapita kimo cha sakafu. Lipu juu ya ukuta unaoendelea kunywa maji ni hasara.

Adui mkubwa ni saruji iliyopakwa baadaye. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Saruji huuziba, unyevu ukapanda juu zaidi na chumvi ikajikusanya nyuma ya lipu. Gonga kwa kifundo cha kidole: palipoachana pana mlio wa mtungi mtupu. Bandua kwa tindo, polepole. Iking'ang'ania na kung'oa mawe, iache.

Lipu mpya ni debe 1 la chokaa iliyolowekwa angalau miezi 3, kwa madebe 3 ya mchanga mkali uliooshwa; wa ufukweni una chumvi, haufai. Lowesha ukuta, paka tabaka lisilozidi milimita 10, funika kwa magunia mabichi na unyunyizie maji kwa wiki nzima. Chokaa hukazwa na hewa ya ukaa, na bila unyevu haikazwi: ikikauka haraka hupasuka na kubaki unga. Fundi atataka kuongeza saruji kidogo "iwahi kushika". Mkatalie. Vaeni miwani na glavu, chokaa huunguza.

Boriti huanza kuozea ncha zilizoingia ukutani. Chomeka bisibisi, ikizama kirahisi, kata palipooza na uunge mbao ya aina ileile kwa bolti. Makabati ya majalada yawekwe ghorofa ya chini, kwani sakafu ya ofisi hukadiriwa kubeba takriban kilo 250 kwa mita ya mraba, na karatasi zilizopangwa hadi darini huzidi hapo.

Nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba, bila kuuchimba. Skrubu ziingie kwenye viungo vya chokaa, siyo kwenye jiwe. Mteremko wa njia ya kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: ngazi zenye kimo cha sentimita 60 zadai njia ya mita 7.2, ndiyo maana mlango wa pembeni mara nyingi hufaa zaidi. Kibao cha marumaru chenye jina la mtoaji kisafishwe kwa maji na brashi laini tu. Asidi, hata ya limau, huila.