Somo: Kumfunza Mbwa Kupita Kiasi

Ndugu wanachama, niliulizwa majuzi kama mbwa anaweza kufunzwa mpaka mafunzo yenyewe yakamharibu. Jibu langu ni ndiyo, na ushahidi wa kwanza ni kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na mbwa jike wa kienyeji niliyempeleka shambani Naliendele ili alinde mikorosho wakati wa kuokota korosho, na kwa kuwa msimu ulikuwa umekaribia, nilimzoeza kuitika neno "njoo" asubuhi, mchana na jioni, kila kipindi mara thelathini au zaidi. Siku za mwanzo alikuja mbio. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akilisikia neno hilo anageuza uso, anajilamba pua, kisha anakwenda kujilaza chini ya mkorosho wa mbali kabisa. Nilidhani ni kiburi, kumbe nilikuwa nimemfundisha kulichukia neno.

Wingi wa mambo anayoyajua mbwa haumdhuru. Kinachomchosha ni kurudishwa kwenye jambo lile lile bila kupumzika, au kutakiwa apambanue jambo lililozidi uwezo wake. Hili la pili lilionekana zamani katika maabara ya mwanasayansi Ivan Pavlov nchini Urusi, ambako mbwa mmoja alizoezwa kutarajia chakula kila alipoonyeshwa duara, na kutotarajia chochote alipoonyeshwa duaradufu, yaani duara lililobanwa. Umbo la duaradufu likabadilishwa kidogo kidogo hadi likakaribia kuwa duara, urefu kwa upana ukiwa 9 kwa 8. Baada ya wiki tatu hivi za zoezi hilo gumu mbwa hakuzidi kuwa hodari, bali alianza kupiga kelele na kung'ata vifaa, na hata yale maumbo ya mwanzo aliyokuwa akiyatofautisha kwa urahisi yakamchanganya.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kufunza. Kwa siku tatu andika kila amri anayopewa mbwa wako na kila mtu wa nyumbani. Wengi hushangaa, kwa sababu mwenye mbwa anahesabu kipindi chake cha jioni tu, na wale watoto waliomwambia "kaa, kaa, kaa" tangu watoke shule hawahesabu.

Hatua ya 2: Chagua saa. Mbwa hutoa jasho kidogo tu kupitia nyayo zake, na njia yake kuu ya kupoza mwili ni kuhema. Mtwara, hasa kuanzia Novemba mvua zinapokaribia, joto la mchana hupita nyuzi 30, na mchanga wa njiani unaweza kuunguza nyayo. Mfunze saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na maji yawe karibu.

Hatua ya 3: Fupisha kipindi. Dakika tano zinatosha, kumi ni nyingi. Rudia jambo moja mara tano au sita, kisha mwache anuse nyasi kabla ya kuendelea. Mimi hutumia dagaa wakavu wasio na chumvi, niliowavunja vipande vidogo kama punje ya mahindi, nikaweka vipande ishirini mfukoni. Vikiisha, kipindi kimekwisha, hata kama nafsi yangu inataka kuendelea. Mfuko unanizuia kuliko saa, kwa kuwa saa mtu huitazama akitaka.

Hatua ya 4: Soma mwili wake. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mbwa aliyechoka akili hutoa dalili mapema, ila sisi huzitafsiri vibaya. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hujilamba pua ilhali hakuna chakula. Hujikuna ghafla katikati ya amri. Hunusa ardhi kana kwamba ameona jambo kubwa pale. Hulaza masikio, hutii polepole, au hukosea jambo alilolijua jana. Dalili moja peke yake inaweza kuwa kupe tu, lakini mbili au tatu zikifuatana, mpe amri moja rahisi anayoiweza, mpe zawadi, kisha funga kipindi. Usimkaripie, na usiirudie amri kwa sauti kubwa zaidi, kwa maana kila amri inayotolewa bure inamfundisha kwamba neno hilo halina uzito.

Hatua ya 5: Acha siku tupu. Watafiti wa Denmark waliwagawa mbwa 44 wa aina ya Beagle, wengine wakafunzwa kila siku na wengine mara moja au mbili kwa wiki. Waliofunzwa kwa nafasi walijifunza vizuri zaidi kwa kila kipindi, na waliopewa kipindi kimoja kwa siku walifaidi zaidi kuliko waliopewa vitatu mfululizo. Lakini tusizidishe maana yake: mwenye haraka bado anaweza kumaliza kwa siku chache zaidi akifunza kila siku, ila atatumia vipindi vingi zaidi. Mimi hufunza siku nne kwa wiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Masasi: Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Nataka aanze kuruka uzio mapema ili awe mwepesi. Je, ni vibaya?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kuruka subiri. Ncha za mifupa yake bado zinakua, na kwa mbwa wakubwa hufunga baada ya mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo kuruka mara kwa mara kunaweza kuviumiza viungo. Kwa sasa mfundishe jina lake na kuja anapoitwa, dakika mbili tatu kwa wakati.

Mwanachama wa Mikindani: Assalamu alaykum. Mbwa wangu ni wa kulinda shamba, nami sipendi mate yake yanipate. Nitampaje zawadi?

Jibu: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Irushe chini, hatua mbili mbele yake. Kwa kweli njia hiyo ni bora kwa somo letu, maana akienda kuitafuta kwenye majani anapata mapumziko mafupi kati ya amri na amri, jambo ambalo sisi tunaolisha kwa mkono mara nyingi tunamnyima.

Mwanachama wa Newala: Mbwa akifunzwa sana utii, hatapoteza ukali wa kufukuza nguruwe pori?

Jibu: Utii hauondoi ukali. Kinachouondoa ni uchovu, na mbwa aliyeshindishwa kwenye mazoezi mchana hataamka usiku nguruwe wakiingia.

Mwanachama wa Lindi Mjini: Mwalimu, wangu tayari amefika huko ulikofika wewe. Nikimwita anakimbia. Nimpumzishe muda gani, na je, hatasahau yote?

Jibu: Mpumzishe wiki mbili bila amri yoyote, apate chakula, matembezi na mchezo tu. Usiogope kusahau, wale mbwa wa Denmark walipojaribiwa tena baada ya wiki nne za kukaa bila mafunzo, walikuwa bado wanalikumbuka zoezi. Ukirudi, usilitumie tena lile neno lililoharibika. Mimi niliacha "njoo" nikaanza na mluzi: nilipiga mluzi mara moja kila nilipoweka sahani ya ugali wake chini, siku saba mfululizo, bila kumtaka afanye lolote. Siku ya nane nilipiga mluzi nikiwa upande wa pili wa shamba, naye akaja mbio. Tangu siku hiyo simwiti zaidi ya mara mbili kwa siku.