Chole na Juani: uliza mwezi kabla ya kuuliza nauli

Mara ya kwanza nilipotaka kwenda Mafia kumtazama dada yangu, aliyeolewa Chole, kisiwa kidogo cha huko Mafia, shemeji aliniuliza kwenye simu, "Leo mwezi ngapi?" Nikamjibu, "Wa nane, shemeji." Ilikuwa Agosti. Akacheka mpaka simu ikakatika. Yeye aliuliza mwezi wa angani. Mimi, mshona nguo wa Mbagala, nilikuwa na kalenda ya ukutani tu.

Basi anzia hapo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua: maji hujaa sana kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa sana kama saa nne. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Ukifika mwezi saba au nane, yaani siku ya saba au ya nane tangu uandame, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Andika hayo nyuma ya daftari. Yataamua utavuka lini, utatembea wapi, na kama utalala kwako au kwenye tope.

Safari ya wasio na haraka inaanzia Mbagala Rangi Tatu. Panda basi la Nyamisati. Linashika barabara ya Kilwa, linapinda Bungu na kushuka kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Nyamisati unapanda kivuko cha MV Kilindoni. Saa ya kuondoka inafuata maji, kwa hiyo piga simu kuuliza jana yake, na usiingie kwenye boti nyingine yoyote iliyojaa kupita kiasi hata ukiambiwa ndiyo ya mwisho. Kusi likivuma, katikati ya mwaka, bahari inachafuka. Kula kidogo, kaa nyuma, tafuna tangawizi. Mwenye fedha apande ndege kutoka Dar, dakika 30 hivi amefika.

Kilindoni ndio mji. Toa pesa hapo, nunua dawa zako hapo, na kama huna mwenyeji lala hapo, maana gesti za bei ya kawaida ziko huku. Kuanzia Oktoba mpaka Machi papa potwe wanakuja karibu na Kilindoni. Ni mkubwa kama basi dogo lakini chakula chake ni vijidudu vya majini. Ogelea ubavuni mwake, usimguse, na mwambie nahodha mapema kwamba hutaki awakimbize.

Kwenda Utende, unakovukia kwenda Chole, ni kama kilomita 15 za lami. Kabla hujafika kuna geti la Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Mtanzania analipa kidogo sana akilinganishwa na mgeni wa nje, ila lazima uoneshe kitambulisho. Niliwahi kusahau cha NIDA nyumbani; nilijieleza mpaka nusura niimbe wimbo wa taifa.

Chole unaiona kutoka ufukweni Utende. Mashua za abiria zinavusha kwa nauli ndogo. Wewe panda na wenyeji, usikodi ya peke yako. Hakuna magari. Ukishuka utaona magofu ya Wajerumani, ambao waliifanya Chole makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913. Mizizi ya miti imekumbatia kuta mpaka hujui nani anamshikilia mwenzake. Jioni nenda kwenye miti ya popo, wale wakubwa wa jamii ya Komoro. Usipige kelele wala kurusha jiwe ili uwaone wakiruka. Jua likizama wanaruka wenyewe.

Sasa kisiwa cha Juani. Kule ndiko yaliko magofu ya Kua, mji wa mawe wenye misikiti, makaburi na jumba la watawala, ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska miaka ya 1820. Chukua mtu wa kukuongoza, na umwache akusimulie kisa cha Kua na mji wa Kisimani mwenyewe. Mimi nikikieleza naharibu. Shida ya Kua ni mkondo wake: maji yakijaa mashua inaingia kati ya mikoko mpaka karibu na magofu, yakitoka ni tope tupu. Sisi tulikwenda mwezi 16, tukaingia saa tisa alasiri. Nahodha aliita mara ya kwanza, nikasema napiga picha moja. Akaita tena, nikasema moja ya mwisho. Tulikwama magharibi, tukakaa juu ya tope mpaka saa nane usiku, mbu wakitula, na hakuna aliyenisemesha. Nenda mwezi 11 mpaka 13, maji yanapojaa adhuhuri au baadaye kidogo. Ingia na maji yanayopanda, na yakianza kugeuka nawe geuka.

Juni mpaka Septemba uliza kuhusu kasa wa Juani; ukibahatika utawaona wadogo wakitoka kwenye mchanga kwenda baharini. Zima tochi ya simu.

Ukilala kwa watu, piga hodi na usubiri. Mzee yeyote mpe shikamoo hata kama una haraka. Kina mama jifungeni kanga kupita kijijini. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Usifike mikono mitupu: sukari, sabuni na majani ya chai yanapokelewa kwa furaha kuliko biskuti za bei. Kwako beba yeboyebo za kutembelea juu ya matumbawe, tochi, na ndoo ya rangi yenye mfuniko. Ndoo hiyo inalinda simu na nguo mashua inaporusha maji, na mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019.

Kurudi, vuka kutoka Chole siku moja kabla ya kivuko, ulale Kilindoni. Utapewa pweza mkavu, usikatae. Mweke ndani ya ile ndoo na ubane mfuniko. Kutoka Nyamisati mpaka Rangi Tatu ni mbali, na abiria wenzako hawajakukosea kitu.