Kupima bakteria kwa maziwa na kamera ya simu, dakika kumi tu

Wale mnapokea maziwa asubuhi mnajua venye inaendaga, bodaboda tano zimefika pamoja, kila mtu anataka kuteremsha mtungi aende, na wewe umeshika laktomita mkono huu na alkoholi mkono ule. Laktomita itakuambia kama kuna mtu ameongeza maji, alkoholi itakuambia kama maziwa yameshaanza kuchacha, lakini hakuna moja kati ya hizo inakuambia mapema kwamba bakteria wameshajaa humo ndani na by saa nne yatakatika ndani ya kula (tangi la kupoza maziwa) pamoja na ya watu wengine wote. Ukipeleka maabara wakuoteshee bakteria kwa sahani ni siku mbili tatu, na saa hiyo maziwa ilishanywewa na watu walishaendesha.

Mimi niko upande wa Molo na natumia rangi, mwanga na simu yangu ya kawaida. Rangi yenyewe inaitwa risazurini, ni ya blu. Bakteria walio hai, vile wanakula na kupumua, wanaigeuza pole pole kutoka blu inakuwa zambarau, halafu pinki, halafu inapotea kabisa maziwa yabaki meupe. Wakiwa wengi inageuka haraka, wakiwa wachache baada ya dakika 10 bado ni blu. Ni hivyo tu. Viwanda vya maziwa vimetumia hii kitu miaka mingi wakilinganisha na diski ya rangi yenye namba 6 (blu) mpaka 0 (nyeupe), ya simu ni kwa sababu macho ya watu wawili saa kumi na mbili asubuhi hayawezi kukubaliana hii ni zambarau ama ni pinki.

Unaanza hivi. Nunua vidonge vya risazurini kwa duka la vifaa vya maabara, kidonge kimoja unayeyusha kwa mililita 50 za maji ya distili (ya bomba yana klorini, achana nayo), weka kwa chupa nyeusi ama funga na foili kwa sababu jua linaiharibu, na ukishaichanganya itumie siku hiyo hiyo, masaa nane yakipita mwaga. Halafu chukua tyubu safi iliyochemshwa, weka maziwa mililita 10 na sirinji, ongeza hiyo dawa ya risazurini mililita 1, funga, geuza pole pole mara mbili tatu. Usitikise kama soda! Ukitikisa unaingiza hewa, na hewa inachelewesha rangi kugeuka.

Sasa joto. Inafaa iwe digrii 37 kwa dakika 10, na hapa ndipo wengi huharibu. Molo mwezi wa saba asubuhi hata vidole havisikii, ukiacha tyubu kwa meza bakteria wenyewe wamelala, maziwa mabaya yatakaa blu na wewe utayapokea ukicheka. Mimi natumia thamosi ya mdomo mpana, nachanganya maji moto na baridi mpaka thamomita iseme 37, na maji lazima yapite juu ya kiwango cha maziwa kwa tyubu. Kila baada ya dakika chache naangalia, yakishuka naongeza moto kidogo.

Picha nayo inataka nidhamu. Tafuta boksi la katoni, bandika karatasi nyeupe ndani kote, toboa shimo la lenzi, weka taa moja ndogo ya LED ambayo haibadiliki, funga. Ndani weka tyubu mbili, ile ya dawa na ingine ya maziwa hayo hayo bila dawa. Zima flashi, funga mwanga na rangi kwa kamera isijirekebishe yenyewe, piga. Halafu fungua na apu yoyote ya kusoma rangi inayokupa namba za nyekundu, kijani na blu kutoka 0 hadi 255, gawanya nyekundu kwa blu. Ikiwa chini, maziwa bado ni blu. Inavyopanda ndivyo pinki inaingia. Angalia lakini, maziwa yakishakuwa meupe kabisa namba zote tatu zinakaribiana na unaweza kudhani ni afadhali kuliko pinki, kumbe ndio mabaya zaidi, kwa hivyo cheki pia kijani, kwa pinki kijani huwa chini. Usikope kutoka kwangu namba za kuamua unapokea ama unarudisha, simu yako si yangu. Linganisha na ile diski ya rangi wiki moja hivi uandike kwa daftari. Kwa diski, 6 mpaka 4 unapokea, 3 mpaka 1 unatenga, 0 unarudisha.

Hiyo tyubu ya pili isiyo na dawa niliijua kwa aibu. Mwanzoni nilikuwa napigia picha nje, kando ya duka lililopakwa rangi nyekundu. Siku moja jua limetoka, ukuta ukatupa wekundu kwa tyubu, nikamwambia mzee mmoja maziwa yake ni namba 3. Akaniangalia, akaangalia ukuta, akasema, "Mwanangu, ng'ombe wangu hajabadilika, ni wewe umebadilisha mahali pa kusimama." Nikarudia ndani ya stoo, ikasoma 5. Ile nyeupe ikionekana pinki, basi ni mwanga wako unadanganya, si maziwa.

Kuna mengine ya kukudanganya. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, ama aliyezaa juzi, maziwa yake yana seli nyingi ambazo pia zinageuza rangi hata bakteria wakiwa wachache. Aliyedungwa antibayotiki unaona blu safi, kwa sababu dawa imezuia bakteria, na hayo hayafai kuingia kula. Wale wanaotia peroksaidi pia watakuonyesha blu inayong'aa, mimi blu nzuri sana kutoka kwa maziwa yaliyokaa masaa matatu kwa bodaboda inanifanya niulize maswali. Na maziwa yaliyolala kwa friji, bakteria wa baridi ni wavivu kwa hii rangi.

Halafu hii haikuambii ni bakteria gani. Inakuambia wingi, kwa kukisia. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi, gredi ya kwanza haipiti bakteria 200,000 kwa mililita moja, na hiyo hesabu kamili bado ni ya maabara. Bakteria wa magonjwa kama salmonela ama brusela wanaweza kuwa humo wachache na rangi ikae blu, kwa hivyo kuchemsha ni pale pale. Kuna vijikaratasi vya chembe za dhahabu vinavyotoa mstari mwekundu kwa salmonela, lakini sampuli kwanza unailaza usiku mzima kwa joto ili waongezeke. Kwa mitungi kuna luminomita, kifaa cha kupima mwanga, unapangusa ndani na pamba, kimeng'enya kama cha kimulimuli kinatoa mwanga kikikutana na mabaki ya chochote kilichokuwa hai, hata maziwa yenyewe, kwa hivyo ni ya kujua kama mtungi umeoshwa. Bei yake si ya kikundi kidogo. Ya jerikeni za plastiki sihitaji luminomita, nusa tu mdomo wake.

Yule mzee bado analeta. Kila asubuhi kabla hajateremsha mtungi ananiuliza, "Leo umesimama wapi?"